Siku Hii ni ya Nani? Ritifaa na Majina ya Sikukuu kwa Kiingereza

Anna Jarvis hakuolewa wala hakupata mtoto, lakini ndiye aliyewapa Wamarekani Siku ya Mama, na hakumruhusu mtu kuchezea maandishi ya jina lake. Kwa Kiingereza liliandikwa “Mother's Day”, na ritifaa, ile alama ndogo tunayoiweka kwenye ng'ombe na ng'ambo, ilikaa kabla ya s. Ikikaa hapo, mama ni mmoja. Ikisogezwa hatua moja mbele, ikakaa baada ya s, mama ni wengi. Jarvis alitaka siku hiyo kila mtu amkumbuke mama yake mwenyewe, yule mmoja aliyemzaa na kumlea, si akina mama wote kwa mkupuo.

Alikuwa na sababu ya kulifikiria jambo hilo kwa kina. Mama yake, Ann Reeves Jarvis, alikuwa mpiganaji wa afya ya jamii huko West Virginia katikati ya karne ya 19. Aliwakusanya wanawake katika vikundi vya kupambana na maradhi na uchafu, wakati watoto wengi walikufa kabla ya kukua. Vikundi hivyo vilijulikana kama “Mothers' Day Work Clubs”, na humo ritifaa ilikaa baada ya s, kwa kuwa kazi ilikuwa ya akina mama wengi. Mwaka 1870 mwandishi Julia Ward Howe naye alitoa wito kwa akina mama wasimame pamoja dhidi ya vita, na yeye pia alikuwa akisema na wengi. Binti akachagua umoja.

Ann Jarvis alifariki Mei 1905. Tarehe 10 Mei 1908 ibada ya kumbukumbu ilifanyika katika kanisa la Wamethodisti mjini Grafton, West Virginia, na Anna alipeleka maua meupe 500 ya karnesheni, ua ambalo mama yake alilipenda. Mwaka 1912 aliunda chama cha kuisimamia siku hiyo na kulilinda jina lake. Mwaka 1914 Bunge la Marekani lilipitisha azimio, Rais Woodrow Wilson akatoa tangazo, na Jumapili ya pili ya Mei ikawa siku ya mama nchi nzima. Baadaye Jarvis alipambana kwa miaka mingi na wauza maua na wachapaji wa kadi walioigeuza siku hiyo kuwa soko. Alifariki mwaka 1948 katika nyumba ya wagonjwa huko Pennsylvania, akiwa hana kitu. Vita vya biashara alishindwa. Vita vya ritifaa alishinda, kwa sababu sheria ya Marekani na kamusi zote kubwa za Kiingereza huliandika jina hilo kama alivyotaka.

Nimeanza na mama huyu kwa sababu wengi wetu tunafundishwa ritifaa ya Kiingereza kama kanuni kavu ya darasani: umoja kabla ya s, wingi baada ya s, basi. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila kwa majina ya sikukuu haitoshi, maana haikwambii siku yenyewe ni ya mmoja au ya wengi. Hilo liliamuliwa na watu fulani, mahali fulani, kwa makusudi. Ukiujua uamuzi wao, tahajia inajipanga yenyewe. Usipoujua utabaki kubahatisha kila mwaka.

Tazama Marekani na marais wake. Jumatatu ya tatu ya Februari ni mapumziko ya taifa, na ukizunguka madukani na kwenye magazeti ya huko utakuta jina lake limeandikwa kwa namna tatu: “Presidents' Day”, “President's Day” na “Presidents Day”. Ya kwanza inasema siku ni ya marais wengi. Ya pili inasema ni ya rais mmoja. Ya tatu haidai umiliki wowote. Inalitumia neno marais kuieleza siku tu. Mkanganyiko huo una chanzo. Katika sheria ya serikali kuu siku hiyo haina jina lolote kati ya hayo matatu. Inaitwa “Washington's Birthday”, kwa heshima ya George Washington aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1732. Sheria iliyopitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika 1971 iliihamishia Jumatatu ya tatu ili wafanyakazi wapate mapumziko marefu ya mwisho wa wiki. Abraham Lincoln naye alizaliwa Februari, tarehe 12, na watu wakazoea kuwakumbuka wote wawili pamoja. Jumatatu ya tatu daima huangukia kati ya tarehe 15 na 21, kwa hiyo haiwezi kugonga siku aliyozaliwa Washington wala ile aliyozaliwa Lincoln. Kila jimbo likaamua la kwake juu ya jina na juu ya nani anakumbukwa.

Mwandishi afanye nini basi? Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press, unaofuatwa na vyumba vingi vya habari vya Marekani, hauweki ritifaa hapo. Mwongozo wa Chicago, unaofuatwa na wachapaji wengi wa vitabu, unaiweka baada ya s. Mimi ningefuata Chicago, maana wanaokumbukwa ni zaidi ya mmoja na alama inalisema hilo waziwazi. Hata hivyo, anayeliandikia gazeti lenye mwongozo wake aufuate huo bila ubishi. Ninachokipinga ni ile ya pili, inayomtaja rais mmoja bila kumjua. Kama rais ni mmoja, ni Washington, na jina lake lipo tayari katika sheria.

Siku ya askari wa zamani wa Marekani, tarehe 11 Novemba, huandikwa “Veterans Day” bila ritifaa kabisa, na hapo hakuna wa kumlaumu mpiga chapa. Awali siku hiyo iliadhimisha kusimamishwa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka 1918. Mwaka 1954, baada ya Vita vya Pili na vile vya Korea, Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya kubadili jina ili iwaheshimu askari wa vita vyote. Wizara ya Marekani inayowahudumia askari hao imeeleza kwa nini ritifaa haipo: siku hiyo si mali ya askari wa zamani, ni siku ya taifa zima kuwaheshimu. Unaweza usiikubali hoja hiyo. Mimi naiona ina uzito, kwa sababu inamwondoa askari katika nafasi ya mwenye sherehe na kuuweka wajibu juu ya raia. Cha msingi kwa mwandishi ni kwamba mwenye jina amesema jina lake linaandikwaje. Sheria ileile ya Marekani inayoorodhesha sikukuu za taifa ina “New Year's Day” yenye ritifaa na “Veterans Day” isiyo nayo, mistari michache tu kati yao.

Wamarekani kwa jumla wana mkono mwepesi wa kuifuta alama hii. Bodi yao ya majina ya mahali imekuwa ikikwepa ritifaa za umiliki kwenye ramani tangu ilipoundwa mwaka 1890, na ni mahali pachache sana, kama kisiwa cha Martha's Vineyard, palipopewa ruhusa ya kubaki nayo. Huko Uingereza John Richards, mwanahabari mstaafu, aliunda mwaka 2001 jumuiya ya kuitetea ritifaa. Akawa anawaandikia wenye maduka na mabaraza ya miji kwa adabu, akiwaomba warekebishe mabango yao. Mwaka 2019, akiwa na miaka 96, alitangaza kuifunga akisema ujinga na uvivu vimeshinda. Naielewa huzuni yake, ingawa naamini wengi wanaokosea si wavivu. Hawajaelezwa tu.

Kwetu wakati wenyewe wa kuliona jambo hili ni Machi. Wiki moja kabla ya tarehe 8, Siku ya Wanawake, maduka ya kuchapa fulana na mabango yanafurika. Taasisi zinataka sare za kitenge, vikundi vya kuweka na kukopa vinataka bango la maandamano, na wengi wanataka maneno yawe ya Kiingereza. Nimesimama nyuma ya msanifu mmoja, kijana hodari wa rangi na mpangilio, akiandaa maandishi ya kifuani kwa herufi kubwa tupu. Aliandika WOMENS DAY, akasita, akamgeukia mteja: “Dada, hii alama niiweke wapi?” Mteja akamwambia aiweke mwisho, kwa kuwa wanawake ni wengi. Kijana akaiweka baada ya S, akasogeza herufi kidogo ili nafasi zilingane, akatuma kazi kwenye fremu. Ikishapita hapo, rangi imeshika kitambaa na hairudi nyuma.

Mteja yule alikuwa anafikiri vizuri, na kanuni aliyofundishwa ndiyo iliyomponza. Wingi wa maneno mengi ya Kiingereza huja na s, na ritifaa hukaa baada ya s hiyo. Lakini “women” tayari ni wingi bila s yoyote. S inayokuja baadaye ni ya umiliki peke yake, kwa hiyo ritifaa lazima iitangulie: “Women's Day”, daima, bila chaguo la pili. Umoja wa Mataifa huandika hivyo, “International Women's Day”, na ndivyo inavyoandikwa Afrika Kusini, ambako tarehe 9 Agosti ni siku ya mapumziko ya kuwakumbuka wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi majengo ya serikali Pretoria mwaka 1956 kupinga sheria za pasi. Siku za watoto zina tabia hiyohiyo: “Children's Day”. Hapa hakuna shule mbili za mawazo. Aina mbili za wingi wa Kiingereza zinakutana, na mwandishi anatakiwa kujua neno lake liko upande upi.

Kuna njia moja inayotusaidia sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Litaje jina kwa Kiswahili kwanza, halafu sikiliza kama mwenye siku ni mmoja au ni wengi. Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, inajieleza: watakatifu ni wengi, kwa hiyo “All Saints' Day”. Kesho yake, kumbukumbu ya Marehemu Wote, ni “All Souls' Day”. Mtakatifu Valentino ni mmoja, basi “Valentine's Day”, na matangazo ya hoteli ya Februari yanayoiacha ritifaa yanakosea. Mtakatifu Patrick wa Waairishi ni mmoja vilevile. Kifupi cha jina lake siku hiyo ni “Paddy”, kutoka Pádraig ya Kiairishi. Ukiandika “Patty” umeandika jina la mwanamke, na Waairishi hawalipendi kosa hilo. Siku ya wajinga ya tarehe 1 Aprili kamusi nyingi huiandika “April Fools' Day”, wajinga wakiwa wengi, ingawa umoja nao unaonekana. Siku ya Baba hufuata njia ya Siku ya Mama: baba mmoja, “Father's Day”.

Mwaka Mpya unawasumbua hata wenye lugha. Salamu ni “Happy New Year”, bila s, kwa sababu unautakia mtu mwaka mzima. S inaingia pale tu unapoitaja siku: “New Year's Day” ni tarehe 1 Januari, siku ya mwaka mpya; “New Year's Eve” ni mkesha wake. Kadi inayosema “Happy New Years” imechanganya mambo mawili. Kadi za Desemba pia hukosea “Season's Greetings”. Msimu ni mmoja, ritifaa ikae kabla ya s. Jina la Krismasi kwa Kiingereza lina t isiyosikika, “Christmas”, maana ndani yake kuna Kristo na misa, na anayeliandika kwa kusikia tu hupoteza t hiyo. “Xmas” si kumfuta Kristo, kama wengine wanavyohubiri. X hiyo ni herufi khi ya Kigiriki, ya kwanza katika jina la Kristo, na Wakristo wenyewe waliitumia kwa kufupisha tangu zamani. Haina haja ya kistari katikati.

Kuhusu herufi kubwa nitasema kidogo tu. Neno “Day” ni sehemu ya jina, kwa hiyo nalo linaanza kwa herufi kubwa: “Mother's Day”, si “Mother's day”. Siku ya mtu ya kuzaliwa si sikukuu yenye jina, ndiyo maana katikati ya sentensi huandikwa kwa herufi ndogo.

Mei Mosi inataka uangalifu wa namna nyingine. Noah Webster, ambaye kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1828, alisaidia sana kuwafanya Wamarekani waachane na u katika maneno kama “labour”, na leo wanaandika “Labor Day”. Waingereza na sisi tuliosomea Kiingereza chao tunaandika “Labour Day”. Lakini tofauti si ya u peke yake. Siku ya Wamarekani, iliyowekwa kisheria mwaka 1894, ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Mwandishi wa Dar es Salaam au Mombasa anayeandika “Labor Day” akimaanisha tarehe 1 Mei ameazima tahajia ya watu ambao siku hiyo wako kazini. Australia wana jambo la kuvutia zaidi: chama chao cha wafanyakazi kimeandika jina lake bila u tangu mwaka 1912, ilhali sikukuu yao ya wafanyakazi inabaki na u. Anayehariri habari za huko asiondoe wala asiongeze u hiyo kwa kudhani anarekebisha.

Kisha kuna Idd, na hapa sisi wa pwani tuna la kusema kuliko wengi. Neno la Kiarabu linaanza kwa herufi ain, ambayo Kiingereza hakina, na kila jamii imeliandika kadiri sikio lake lilivyolipokea. Kamusi za Kiingereza siku hizi huweka mbele “Eid al-Fitr”, “al” kwa herufi ndogo na kistari. Serikali ya Kenya huandika “Idd-ul-Fitr”. India, katika orodha za serikali, utakuta “Id-ul-Fitr”. Umbo lenye “ul” si kosa. Kiarabu kikisomwa kikamilifu, neno la kwanza huishia na irabu u, ambayo hushikana na l ya neno linalofuata, na masikio ya India, Pakistan na Afrika Mashariki yaliisikia hivyo. Kwa hiyo anayetoka na kalamu nyekundu kuifuta “Idd-ul-Fitr” katika tangazo la serikali ya Kenya anafuta jina halali.

Mfungo wenyewe una kisa kinachofanana na hicho. Herufi dhadi ya Kiarabu sisi tuliisikia dh, tukasema Ramadhani. Waajemi na watu wa Kiurdu waliisikia z, wakaandika “Ramzan”. Kiingereza kilichukua d, “Ramadan”. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam mara nyingi huandika “Ramadhan”, na naliona umbo hilo kuwa la haki kabisa: ni Kiingereza cha watu wanaolifahamu neno kwa ukaribu kuliko London. Ukimwandikia msomaji wa ng'ambo, “Ramadan” itamfikia haraka zaidi. Ukimwandikia jirani yako, dh yako iache mahali pake. Kosa ni kuandika hivi ukurasa wa kwanza na vile ukurasa wa tatu. Wahindu nao wana “Diwali” kwa Kenya na sehemu kubwa ya India, na “Deepavali” kwa Singapore, ambako Watamili ndio wengi kati ya Wahindi, na yote mawili ni majina rasmi mahali pake. Sikukuu ya mianga ya Wayahudi huandikwa “Hanukkah” na pia “Chanukah”, kwa sababu h ya koo ya Kiebrania haina herufi yake katika Kiingereza.

Majina yetu wenyewe yanapoingia katika Kiingereza, tunakuwa sisi ndio wenye uamuzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 9, inataja siku tatu za taifa, na katika maandishi ya Kiingereza zinaitwa “Madaraka Day”, tarehe 1 Juni, “Mashujaa Day”, tarehe 20 Oktoba, na “Jamhuri Day”, tarehe 12 Desemba. Siku ya Oktoba hapo awali ilikuwa na jina la mtu mmoja, Kenyatta. Waandishi wa Katiba waliifanya iwe ya wote walioipigania nchi, na walipochagua neno la Kiswahili waliepa mzozo ambao majirani wanaishi nao. Uganda huwakumbuka mashujaa wake tarehe 9 Juni kwa jina la Kiingereza, na kwenye mabango na magazeti utaikuta ritifaa kabla ya s, baada ya s, au haipo. Neno mashujaa halina s. Wingi wake uko mwanzoni, kwenye ma-, na mwishoni hapana pa kupachika alama yoyote. Bado kila Oktoba huonekana tangazo lenye “Mashujaa's Day”, na hilo ni kosa kwa pande zote mbili: Kiswahili hakijui s hiyo, na Katiba haikuiweka.

Tanzania siku yetu ya wakulima tunaiandika “Nane Nane” hata katikati ya sentensi ya Kiingereza, maneno mawili, kila moja na herufi kubwa. Anayetaka kuiita kwa Kiingereza aandike “Farmers' Day”, ritifaa baada ya s, kwa sababu wakulima wanaojaa kwenye viwanja vya maonyesho Morogoro, Mbeya na Dodoma ni wengi.